Mambo ya Ndani na Kutaka Makuu: Kwa Nini Riwaya ya Wasanii Ni Ngumu Kuandikika Unguja

Rafiki yangu mmoja wa Vikokotoni amekwama katika sura ya nne ya riwaya yake. Kisa chenyewe ni cha mwimbaji wa taarab anayempenda mpiga fidla wa klabu yake, na huku anatamani kuihama klabu hiyo awe na kundi lake na jina lake. Sura tatu za mwanzo alizipiga chapa akazitembeza kwa wenzake sita wa barazani. Wote walisoma. Hakuna aliyemwambia kama kisa kinavutia au kinachosha. Walichomuuliza ni kimoja: "Huyu ni nani?" Alipojibu kwamba si mtu, kamzua kichwani mwake, walicheka, na wawili wakamwonya kwa sauti ya chini kuwa mwenyewe akisoma atakasirika. Alipowadadisi huyo mwenyewe ni nani, kila mmoja alitaja mtu wake.

Alinisimulia haya kwa hasira, akiamini kosa ni la wasomaji wasiojua riwaya ni kitu gani. Mimi naona walisoma sawasawa. Walisoma kama sanaa ya Unguja ilivyowafundisha kusoma. Fundo liko kwingine: anaandika mapenzi na makuu ya wasanii wa hapa kwa kufuata ramani ya mji mwingine, halafu anashangaa njia haimfikishi. Nitajaribu kulifungua fundo hilo, ijapokuwa itabidi nizunguke kidogo.

Riwaya za wasanii zilizoandikwa Ulaya tangu karne ya 19 zina nyumba yao ya kawaida. Kuna chumba cha kazi chenye mlango unaofungwa. Ndani yumo msanii, mwenziwe, na kazi isiyokwisha. Nje kuna maonyesho, wanunuzi na magazeti. Mapenzi yanakaa ndani, sifa inakaa nje, na kisa kinazaliwa pale msanii anapouza cha ndani ili apate cha nje. Émile Zola alikiandika kisa hicho mwaka 1886 katika L'Œuvre. Mchoraji Claude Lantier anamfanya mkewe, Christine, avue nguo akae mbele yake achorwe, mpaka Christine anaanza kuionea wivu picha kama mke mwenza. Mtoto wao anapofariki, baba anakaa kitako kumchora maiti. Mwisho Claude anajinyonga mbele ya picha ambayo hakuweza kuimaliza.

Na umbea nao ukafuata. Zola na mchoraji Paul Cézanne walikuwa marafiki tangu skuli, mjini Aix, kwa hiyo wasomaji wakaamua Lantier ni Cézanne. Barua fupi ya Cézanne ya Aprili 1886, ya kushukuru kuletewa kitabu, ikafanywa ushahidi kuwa urafiki ulivunjika siku ile, maana haikuonekana nyingine baada yake. Imesemwa hivyo kwa zaidi ya miaka 100. Kisha ikajitokeza barua ya mwishoni mwa 1887: Cézanne yule yule anamshukuru Zola yule yule kwa kitabu kingine. Umbea wa wasomi nao ni umbea, ila wao wanautilia tanbihi.

Lakini tazama umbea huo ulivyokaa. Anayeuliza "Lantier ni nani?" anaamini jibu ni moja, na kwamba analo Zola. Ufunguo uko katika mfuko wa mwandishi. Rafiki yangu wa Vikokotoni kawapa watu sita hadithi moja na wakatoka na wanawake sita. Hapa ufunguo uko kwa msikilizaji, na hapo ndipo kila kitu kinapobadilika.

Nianze na maneno yenyewe, kwa sababu yanatuhukumu kabla hatujaandika. Jaribu kumsifu mtu barazani kwa hamu yake ya kupanda juu katika usanii. Utasema ana nini? Ukisema ana tamaa, umemtukana. Ukisema anataka makuu, umemtukana kwa adabu. Kuna ari, kuna azma, kuna nia; maneno safi hayo, lakini yananukia hotuba ya mgeni rasmi. Mtaani utasikia "kajiona", "kapanda", "keshakuwa mtu siku hizi". Hilo la mwisho ndilo kali kuliko yote: keshakuwa mtu, yaani jana hakuwa.

Upande wa pili yako mambo ya ndani. Mtu akisikia hivyo anafikiri chumba cha kulala, na kweli chumba kimo. Ila kwa Mswahili ndani ni nyumba nzima: nani kazaliwa na nani, nani alikuwa mtwana wa nani, mahari ililipwa au ilisamehewa, kwa nini ndugu wawili hawapeani mkono siku ya Idd. Haya hayasemwi. Lakini huimbwa, huvaliwa, na huandikwa juu ya nguo.

Kanga ndiyo skuli ya awali ya jambo hili. Kila doti ina jina lake, yaani maneno yaliyopigwa chapa juu ya pindo la chini, na jina ndilo linalomvuta au kumchusha mnunuzi. Jirani anapita mlangoni kwako asubuhi, kanga yake imesema neno lililokukata hadi mfupa. Ukimfuata kumuuliza, atakutazama kwa mshangao: "Mimi? Mimi nimependa maua yake tu." Hapo huna kesi. Kakwambia, na hakukwambia. Si ajabu kwamba Lubaina Himid, mchoraji aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kupelekwa Uingereza akiwa mchanga, aliyekuja kushinda tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya huko Uingereza, mwaka 2017, amekuwa akiirudia kanga katika kazi zake, picha na maneno katika nguo moja. Wageni wanaiona rangi. Sisi tunatafuta kwanza imeandikwa nini, halafu aliyeivaa alikuwa akielekea kwa nani.

Taarab ni kanga iliyopata sauti. Naijua historia yake inavyosimuliwa kila mara kwa kuanzia ikulu, nami sitaikwepa, ila nitaipita mbio. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, anasifiwa kwa kuuleta muziki wa Misri katika kasri lake na kumpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda Ikhwani Safaa, ambayo ipo mpaka leo. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Wengi waliozisikiliza hawakufahamu zinasema nini, na nadhani hilo lilikuwa sehemu ya heshima yake: wimbo usiofahamika haumgombanishi mtu na jirani.

Ugomvi ulianza ilipoingia lugha inayofahamika. Aliyeibeba lugha hiyo mpaka ikafika mbali ni Siti binti Saad.

Kwa Siti nitakaa kidogo, maana riwaya ya rafiki yangu, ajue asijue, inatembea katika kivuli chake. Alizaliwa Fumba, kijiji cha kusini ya mji, mnamo 1880, na jina alilopewa ni Mtumwa. Wazee wake walikuwa watu wa hali ya chini kabisa katika jamii ile. Mama alifinyanga vyungu, na binti akavitembeza kuviuza, akivitangaza kwa sauti iliyosikika mbali. Mwaka 1911 akahamia mjini. Ali Muhsin, mtu wa muziki, akaisikia sauti ile na kumfunza. Akapata wenzake wa kufanya nao kazi, akina Subeit Ambar, Budda Swedi, Maalim Shaaban na Mbaruk Talsam aliyetokea Mombasa. Mwaka 1928 wakapanda meli kwenda Bombay kurikodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Fumba mpaka Bombay, miaka 17 tu tangu aingie mjini. Ikiwa hayo si makuu, sijui makuu ni yapi.

Na wakubwa wa mji walimwambia hivyo hivyo. Beti za kumkejeli zimehifadhiwa midomoni mwa watu mpaka leo: alikuwa mtu lini huyu, katoka shamba kajitanda kaniki, kama si sauti angekula nini. Ziangalie kejeli hizo vizuri. Hazisemi kwamba anaimba vibaya. Zinamrudisha ndani, kwenye nyumba aliyozaliwa na nguo aliyoingia nayo mjini. Naye hakujibu kwa kutaja ukoo wala kwa kumtaja aliyemtukana. Alijibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa jadi si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Kila aliyesikia alijua nani kajibiwa. Hakuna aliyeweza kumpeleka popote.

Kuna kitu kingine ambacho mwandishi wa riwaya angepaswa kukitilia mstari. Siti aliimba pia visa vya kweli vya mji wake. Wimbo wa Kijiti unamtaja kwa jina mtu aliyemuua mwanamke mgeni kisha akavuka bahari akauponyoka mkono wa sheria. Basi ukiuweka wimbo huo karibu na nyimbo za mapenzi za kundi lile lile, unaona kanuni isiyoandikwa: muuaji anatajwa, mpenzi hatajwi. Mauaji ni jambo la mji, na mji una haki ya kuambiwa. Mapenzi ni ya ndani, kwa hiyo lazima yavishwe.

Yanavishwaje? Nitatoa mfano, na nimeutunga mwenyewe kwa ajili ya makala haya ili asije mtu akasema namlenga.

Asumini nimepanda, mwenyewe naimwagia,
Jirani ameipenda, usiku hujichumia,
Kikuba amekiunda, mbele yangu apitia.

Kikuba ni kile kishada cha maua ya kunukia. Mistari mitatu, kila mmoja mizani 16 iliyokatwa katikati, vina vya kati na vya mwisho vikifuatana. Ndiyo nguo ya kawaida ya ubeti wa taarab. Sasa jaribu kuuliza maana. Asumini ni nani? Mume, bila shaka, ndivyo atakavyosema wa kwanza. Mke mwenzangu anamwiba usiku na mchana ananipitia mbele kanukia. La, atasema wa pili, ni mtoto: nimemlea mimi, leo mama mtu kaja kujivunia. Wa tatu aliwahi kufungua biashara ya mikate na mtu akamwibia wateja, naye anaona hapa pana mikate. Mpiga udi aliyefunza wanafunzi wakaondoka na mitindo yake ataona mitindo yake. Hakuna aliyekosea. Mtunzi akiwa fundi, amepima maneno ili wote waingie.

Ndiyo maana swali la "wimbo huu una maana gani" si swali linaloulizwa ukumbini. Swali ni "kaimbiwa nani?" Na jibu halitolewi na mtunzi wala mwimbaji. Linatolewa na mwenye kutuza, yaani anayeinuka kumpa mwimbaji pesa wimbo ukiendelea.

Kutuza kunadharauliwa na wageni kama vile ni bahashishi. Nimewahi kumsikia mtalii katika Ngome Kongwe akieleza kwa hakika kabisa kwamba watu wanamlipa mwimbaji kwa sababu wimbo umewapendeza. Shangazi yangu wa Kikwajuni, ambaye miguu imemkataza harusi lakini masikio bado, aliniambia zamani neno ambalo sijapata la kulishinda: "Pesa si ya mwimbaji, mwanangu. Pesa ni ya kunyanyukia."

Bila noti mkononi huna sababu ya kusimama. Ukiwa nayo, una njia kutoka kitini mpaka mbele ya jukwaa, na njia hiyo unaitembea upendavyo. Mwanamke aliyekaa safu ya nyuma anasubiri. Mstari wa kwanza hautaki, wa pili hautaki. Unapofika "mbele yangu apitia" anainuka, noti juu, anakwenda taratibu kwa kuyumba, lakini hakwendi moja kwa moja. Anapitia safu ya tatu ambako kakaa mtu fulani, anageuza shingo, anaendelea. Anampa mwimbaji. Mwimbaji, akiwa mjuzi, anaurudia mstari ule. Tayari wimbo umekuwa na mwenyewe. Nusu ya ukumbi imeona, robo imefahamu, na kesho asubuhi Darajani itafahamu robo iliyobaki. Yule wa safu ya tatu ana mawili: akae kimya kama vile hakuona, au asubiri wimbo mwingine ainuke na noti kubwa zaidi.

Kwa hiyo katika wimbo mmoja kuna watu watatu wanaoshika siri moja, na hakuna anayeimiliki. Mtunzi, ambaye mara nyingi ni mwanamume anayeandika kwa nafsi ya mwanamke, anaweza kusema: mimi nilitaja maua. Mwimbaji anaweza kusema: mimi nimepewa niimbe. Mtuzaji anaweza kusema: mimi nilipenda sauti. Yale yale ya jirani na kanga yake, isipokuwa sasa ukanushaji umegawiwa watu watatu, na kundi zima la fidla, udi, kanuni na akodiani limekaa nyuma yao kama mashahidi wasiojua kitu. Vyumba vya wachoraji wa Zola vililinda siri kwa mlango. Taarab inailinda kwa kuifanya iwe ya kila mtu.

Na makuu? Makuu yalipata uwanja wake katika ushindani wa makundi. Kabla ya Mapinduzi ya 1964 vilikuwepo vilabu vya taarab vya wanawake vilivyojiita kwa majina ya kijeshi ya Waingereza, Royal Air Force kwa Royal Navy, na majina hayo hayakuwa ya bure: walipigana kweli, kwa beti, kwa sare, kwa wingi wa watu. Wimbo wa huku ukajibiwa kule. Mwanamke asiyekuwa na mali wala jadi aliweza kuwa mtu kwa ulimi na sauti, ila alipanda akiwa ndani ya klabu. Akishinda, wameshinda. Akitukana, wametukana. Baada ya Mapinduzi makundi mengi yalifungamana na serikali. Culture Musical Club, yenye asili yake mwaka 1958, ndiyo iliyokuja kuwa kubwa kuliko yote chini ya mpango huo. Mwimbaji akawa mtu wa kundi zaidi.

Nimefika mahali ninapopataka. Katika riwaya za Ulaya, msanii anayetaka makuu yuko hatarini kuuza siri yake. Unguja, msanii anayetaka makuu yuko hatarini kupewa siri za watu wote. Maadamu yumo klabuni, wimbo ni wa klabu, mtunzi mwingine, mtia muziki mwingine, naye ni sauti tu. Siku anapotoka na kuwa na kundi lake na picha yake kwenye bango, kinga ile inavunjika. Kila anachoimba kinakuwa chake. Akiimba kuachwa, kaachwa. Akiimba mume wa mtu, anaye. Amepata jina, na jina limemla lile neno lake la kujitetea, "si mimi, ni wimbo".

Kiburi cha kulikabili hilo waziwazi alikuwa nacho Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, mzaliwa wa Mfagimaringo aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Nyimbo za Siti alikuwa akiziimba tangu enzi hizo, lakini nguvu yake nyingine ilikuwa unyago. Alikuwa somo, mfunzaji wa wari, mpiga ngoma. Unyago ndio ndani ya ndani. Asiyechezwa haingii, na kinachosemwa mle hakitoki. Yeye akaipandisha ngoma ile ile jukwaani, akaizungusha dunia, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki. Sisemi alitoa siri za watu. Nasema alikichukua kitu ambacho thamani yake yote ilikuwa katika mlango wake, akaonesha mlango wenyewe mbele ya halaiki. Watu wanaomsifu kwa "kuhifadhi utamaduni" wanampunguzia, naona mimi. Kuhifadhi ni kuweka. Yeye alitoa, akijua anachokitoa, akavuta na sigara yake juu.

Miaka ya 1990 mambo yakageuka tena. Makundi ya taarab ya kisasa, East African Melody likiwa mbele, yalileta kinanda cha umeme mahali pa safu ya fidla, watu wakainuka kucheza, na maneno yakaanza kuvuliwa nguo. Ndiyo rusha roho. Wazee wa taarab asilia wanalalamika kwamba mipasho imeua fumbo, na mimi nakubaliana nao nusu. Neno lililokuwa asumini limekuwa "wewe". Lakini wanasahau kwamba vijembe ni vya kale kama taarab yenyewe, na kwamba hata mpasho ulio mtupu kabisa hautaji jina. Mtuzaji bado anahitajika. Kilichobadilika zaidi ni kwamba mwimbaji wa rusha roho anapigania jina lake mwenyewe tangu siku ya kwanza, na kwa hiyo anaishi bila ile kinga niliyoieleza. Ugomvi wa nyimbo unasomwa mtaani kama ugomvi wa wanawake wawili wanaojulikana wanakoishi.

Sheria nayo imeingia katika jambo hili kwa mlango wake. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki tangu mwaka 2003, na taasisi yake, COSOZA. Ni jambo jema. Watunzi wetu wamekufa maskini huku nyimbo zao zikipigwa kila harusi. Ila sheria inauliza nani katunga, na ukumbi unauliza katungiwa nani, na maswali hayo mawili hayajawahi kukutana. Mtunzi akidai haki yake hadharani, anaweka saini kwenye kitu ambacho usalama wake ulikuwa katika kutokuwa na saini.

Turudi Vikokotoni. Rafiki yangu alikuwa amempa mwimbaji wake chumba. Humo analia, anaandika barua kwa mpiga fidla, anajitazama kwenye kioo akijiuliza achague mapenzi au umaarufu. Kurasa nzuri, wala simbezi, lakini ni za mtu aliyekodi chumba Paris. Nilimshauri amtoe. Mwimbaji huyo asiwe na faragha yoyote isipokuwa ndani ya beti ambazo hakuzitunga. Mpiga fidla asiandikiwe barua. Akae nyuma yake jukwaani, asione ila kisogo, asikie mstari unaorudiwa mara tatu na asijue unarudiwa kwa sababu yake au kwa sababu ya noti ya mama mmoja wa safu ya tano. Mtunzi wa klabu awe ndiye anayempenda na hawezi kusema, basi anampa kila wiki maneno ya kumwimbia mwingine. Na sura ambayo anaihama klabu isiwe sura ya ushindi wala ya usaliti. Iwe ile siku ya kwanza anaimba wimbo ule ule wa zamani chini ya jina lake, na kwa mara ya kwanza ukumbi mzima haugeuki kumtazama mtu wa safu ya tatu. Unamtazama yeye.

Aliniuliza kama ninao ubeti wa kumpa. Nikampa ule wa asumini. Lakini kabla ya kumpelekea nikapita Kikwajuni nikamsomee shangazi, maana mizani naijua kwa vidole na yeye anaijua kwa sikio. Alisikiliza amefumba macho. Hakuuliza asumini ni nani.

"Kikuba hutungwa, hakiundwi," alisema. "Lakini kina kimekubana, nimekusamehe. Sasa hiyo utampa nani aimbe?"

Nikamtajia mwimbaji mmoja mwenye kundi lake, mwenye sauti, anayejulikana.

"Huyo?" Shangazi akafumbua macho. "Huyo hawezi tena, mwanangu. Akifika mstari wa pili, watu wote watajua jirani ni yeye."